Ghorofa la Karatasi la Mzee Selestine

Kilichonifanya nianze kumwangalia Mzee Selestine kwa jicho la pili ni unga wa ngano.

Alihamia chumba cha mwisho cha nyumba yetu hapa Kalangalala, kile kinachopakana na bafu, mvua zilipokuwa zinaanza. Nyumba ni ya Mama Ritha. Vyumba vinatazamana, ua uko katikati, na mlango wangu umekaa sawasawa na wa huyo mzee. Asubuhi nakaanga maandazi hapo kizingitini, kwa hiyo nikitaka nisitake, namwona anayetoka na anayeingia. Siku hiyo alivuka ua na kikombe cha bati mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Mhola?" akanijulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola tu."

"Naomba unga kidogo, ng'wanone. Wa ngano. Ufunike tu chini ya kikombe."

Nikampa. Jirani akikuomba unga humuulizi. Lakini alirudi tena, na tena, na kikombe kilekile, na mimi sikuwahi kusikia kikaango kikilia kwake wala kunusa mafuta. Chakula alikula kwa mama ntilie wa njia panda, ugali na dagaa, kila mtu anamjua pale. Sasa mwanamume wa peke yake, asiye na jiko wala chupa ya mafuta, unga wa ngano anaupeleka wapi?

Ukishaanza kumtazama mtu huishi kuona. Dirisha lake alikuwa ameliziba kwa gunia, na joto lote hili. Mlango hakuuacha wazi hata akifagia. Ukipita karibu kwenda kuoga unasikia kitu kinakwaruza, krr, krr, halafu kimya, halafu mtu anashusha pumzi polepole kama mama aliyemlaza mtoto akaogopa atamwamsha.

"Huyo anatengeneza noti," alisema Mama Ritha. Yeye ni mjane, sauti yake inafika barabarani akiwa chumbani. "Mimi niko Geita tangu haijaota lami. Mtu akiziba dirisha, ana mashine."

"Au anachoma zebaki humo," nikasema. Hapa kwetu wapo wanaochomea dhahabu yao chumbani wasionekane, na moshi wake ni sumu kwa watoto.

"Zebaki kwa dhahabu ipi, mama Nyamizi? Suruali yenyewe anayo moja. Akiianika anaingojea ndani!"

Tulicheka. Lakini mimi kicheko changu kilikuwa cha mdomoni, kwa sababu nina mtoto.

Mume wangu Mwigulu anafanya kazi kwenye karasha huko Rwamgasa, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nyumbani anakuja mwisho wa wiki. Alipokuja nikamweleza habari za mpangaji mpya. Alikuwa amejilaza, ananisikiliza kwa sikio moja. Nilipotaja jina akainuka.

"Selestine? Mrefu, kidole cha shahada kimekatika?"

"Huyo."

"Selestine Matimba," akasema taratibu. "Kumbe alikimbilia hapa."

Akanieleza. Matimba ni magogo wanayosimamisha ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, kuzuia udongo usiwashukie wachimbaji. Mzee huyu alikuwa fundi wa kuyasimamisha, na sifa zake zilifika mbali. Fundi matimba ndiye hushuka wa kwanza. Akisema pako salama ndipo wengine wanafuata. Sasa lilitokea duara moja likashuka na watu watatu. Hawakutoka hata mmoja akiwa hai. Na Selestine, aliyekuwa amelisimamisha kwa mkono wake, siku hiyo alikuwa juu.

"Fundi yuko juu, watu wako chini," Mwigulu alisema. "Umewahi kuisikia wapi hiyo? Hata vumbi halikumgusa. Wengine wanasema aliambiwa na mganga kwamba duara lina njaa, likilishwa watu linatoa dhahabu. Baada ya mazishi hakuonekana tena machimboni."

"Na hiyo dhahabu aliipata?"

"Angeipata angelala karibu na bafu?" Akacheka, kisha akaacha. "Lakini wengine huambiwa wangoje kwanza. Mtoto asikanyage kwake."

Sikumwambia kwamba mtoto alishakanyaga. Nyamizi wetu bado hajaanza hata chekechea, ni mtoto wa miguu mepesi. Ukigeuza andazi, yeye keshazunguka nyumba. Mara mbili tatu nilipomsuka nilikuta kwenye nywele zake vipande vya karatasi nyeupe, vidogo kama makapi ya mchele. Nilidhani kaviokota jalalani. Sasa, nikikumbuka ile krr, krr, nilijua vinatoka wapi.

*

Nilianzia dukani kwa Pritesh, kwa sababu nilishamwona mzee akitoka pale na bahasha kubwa kaikumbatia kifuani asiikunje. Pritesh anauza madaftari na kalamu, anachapa na kutoa nakala. Nilimkuta binti yake, Krupa, kaunta. Nikanunua penseli nisiyoihitaji.

"Dada Krupa, yule mzee mrefu hapa kwenu anachapa nini?"

Krupa akatabasamu. "Mzee wa ngome! Anajenga nyumba ya Kijapani."

"Ya nini?"

"Ya karatasi. Unaiona ile?" Akanyoosha kalamu kwenye kalenda ukutani, zile wanazogawa wanaoagiza magari Japani. Kulikuwa na picha ya jumba jeupe juu ya kilima cha mawe, mapaa juu ya mapaa, kila moja limekunja kona kama ndege anayetaka kuruka. "Inaitwa Himeji. Ngome ya zamani ya wakubwa wao. Wenyewe wanaifananisha na yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Alisimama hapo chini akaitazama mpaka baba akamletea kiti. Nikamtafutia kwenye simu, nikapata karatasi zake za kukata na kubandika, tunamchapia kwenye karatasi ngumu ya manila, kidogo kidogo."

"Mzee wa Kisukuma, nyumba ya Mjapani ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Nilimsomea kwamba ndani yake ina nguzo mbili kubwa, zinatoka chini kabisa mpaka juu. Aliposikia nguzo mbili akaniambia, 'Basi hiyo. Hiyo hiyo.' Hata ya bei rahisi alikataa."

Niliondoka na penseli yangu. Angalau unga nilishaujua: ni gundi. Ila badala ya moyo kutulia, ulizidi. Mtu akitengeneza noti bandia unaelewa anataka nini. Mtu mzima anayejifungia kujenga nyumba ndogo asiyoweza kuingia, hiyo nyumba anamjengea nani?

Na jibu la swali hilo mimi nililijua tangu mdogo. Kwetu Runzewe, na Usukumani kote, bado zipo kaya zenye vibanda vidogo uani, vimeezekwa nyasi, havimfikii mtu kiunoni. Ni vya masamva, wazee waliotangulia. Bibi yangu alikuwa akituzuia kucheza karibu. Alisema nyumba ndogo haijengwi kwa mchezo, kwa sababu ukishaijenga, mwenyewe anakuja kukaa.

*

Nilitengeneza sababu. Nikafunga maandazi ya moto kwenye gazeti, nikabisha.

"Hodi, baba."

"Karibu, lakini usifungue sana. Upepo."

Nikaingia kwa ubavu. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na meza, na juu ya meza kitu kimefunikwa chandarua. Alikuwa anakishusha chandarua haraka, lakini niliona. Niliona weupe, na mapaa mengi ya kijivu, na madirisha madogo kuliko kucha za mwanangu, na ukuta wa mawe uliopinda kwenda ndani kama kiuno. Kila jiwe lilichorwa. Harufu ilikuwa ya uji uliochacha. Mikononi mwa mzee kulikuwa na wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukaza kutazama.

"Ni nzuri," nikasema. "Ni nyumba ya nani, baba?"

Akafikiri kidogo. "Ya watu waliokwisha kufa," akasema.

"Zamani?"

"Wengine zamani."

Miguu ilinitoa nje yenyewe. Wengine zamani! Nilikaa mbele ya karai langu nikaunguza maandazi ya jirani aliyekuwa ameagiza, na sijaunguza andazi tangu niolewe.

Kuanzia hapo Nyamizi nilimfunga kwa khanga kiunoni mwangu nikikaanga, kama mbuzi. Alilia, akataka babu. "Babu gani? Babu yako yuko Runzewe!" Lakini kuna kuteka maji, kuna kwenda sokoni, na mtoto ni mtoto. Jioni moja nilipokuwa namwogesha akanionyesha vidole viwili vimebanana.

"Mama, mimi niko kwa babu. Mdogo hivi."

"Uko wapi?"

"Kwenye nyumba nyeupe. Babu kanitengeneza. Nina gauni."

Maji ya beseni yalipoa mikononi mwangu.

Kesho yake nilingoja mpaka mzee akaenda kula. Mlango wake hauna kufuli, una kamba tu. Hilo pia lilikuwa limenishangaza, mtu anayeficha asiwe na kufuli. Nikafungua kamba, nikainua chandarua. Kwenye lango la ile ngome, chini kabisa, alisimama mtoto wa karatasi. Alikuwa mdogo kuliko njiti ya kiberiti. Gauni lilipakwa manjano, na kwenye pindo kulikuwa na mstari wa kijani. Hilo gauni nilishona mimi, kwa mabaki ya kitenge, na mstari ule wa kijani niliuweka kwa kuwa uzi wa manjano uliniishia. Hakuna mtoto mwingine Geita nzima mwenye gauni hilo.

Nikamng'oa. Alitoka na kigundi chake miguuni.

Nilipofika kwangu nikabaki nimemshika kwa ncha za vidole, sijui la kufanya. Nimchome? Ukichoma mfano wa mtu, umemchoma nani? Nimtupe? Kuku akimdonoa je? Mwisho nikamweka kwenye kopo la sukari, juu ya sukari, nikafunika. Sikujua kwa nini sukari. Nadhani nilitaka awe mahali pazuri.

*

Jumamosi Mwigulu alipofungua kopo aweke chai sukari, ikabidi nimweleze yote. Hakupiga kelele. Alivaa viatu akarudi Rwamgasa siku hiyohiyo, na Jumapili watu wakitoka kanisani akaingia uani na mwenzake wa kazi, anaitwa Makoye. Mpole wa sura, mabega kama mlango. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Yuko humo?" akauliza.

"Huyu," Mwigulu akaniambia kwa sauti ya chini, "ni kaka wa Adam. Adam ni mmoja wa wale watatu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokiwasha. Makoye hakuwa na fimbo wala panga. Alikuja mikono mitupu, na mikono yenyewe ndiyo niliiogopa. Nilimbeba Nyamizi mgongoni nikamkaza kwa khanga mara mbili. Mama Ritha alishatoka, na wapangaji wengine mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, huyu ndoo, huyu ufagio.

"Selestine!" Makoye aliita. "Toka na hilo ghorofa lako. Tulione sote. La sivyo naingia kulifuata, na nikiingia mimi halitatoka zima."

"Na likitoka na mambo yake, mwenyewe atoke nalo moja kwa moja barabarani!" Mama Ritha akadakia. "Nyumba hii nimeijenga kwa kuuza ulezi na kwa jasho, sikuijenga kwa majini!"

Mlango ukafunguliwa. Mzee alimtazama Makoye muda kidogo, kama anayemtambua mtu kwa kumfananisha. Hakuuliza wewe nani.

"Nisaidieni meza," akasema. "Peke yangu nitaiyumbisha."

Hakuna aliyesogea. Basi akaivuta mwenyewe, kidogo kidogo, miguu ya nyuma ya meza ikiburuzika, mpaka katikati ya ua. Akaondoa chandarua. Watu walirudi nyuma hatua, kisha wakasogea. Juani ilikuwa nyeupe mpaka inauma macho. Mama Ritha alisahau kufunga mdomo. Mpangaji mmoja akasema, "Jamani, hata vigae," mwenzake akamkanyaga mguu.

Mimi nikatoa kopo la sukari. Nikalifunua, nikamnyooshea mzee.

"Baba. Huyu ni nani?"

Akainama kutazama. "Kumbe ulimchukua wewe. Nimemtafuta mpaka chini ya kitanda."

"Nauliza ni nani."

"Ni Nyamizi. Zile karatasi zinakuja na watu wa kusimamisha langoni, ili anayetazama ajue ukubwa. Ni Wajapani, wana makanzu. Nyamizi aliwakataa. Alisema hao hawamjui. Akataka awe yeye, na gauni lake."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mama. Nilikosea. Lakini nilimweka nje ya lango. Ndani sijaweka mtu aliye hai."

Neno hilo lilipita uani kama upepo wa baridi. Mwigulu alinishika mkono. Makoye akasogea mezani, akaegemeza ngumi.

"Ndani umeweka nani? Fungua."

Mzee akaanza kufungua. Nilidhani atairarua, kumbe alikuwa ameijenga kwa namna ambayo kila paa linainuka peke yake. Aliinua sakafu baada ya sakafu, akazipanga juu ya beseni langu lililopinduliwa. Katikati ya ngome zilibaki zimesimama nguzo mbili, nyembamba, za mti wa kweli, kutoka chini mpaka ilipokuwa juu.

"Hizo za nini?" Makoye akauliza. "Karatasi si inasimama yenyewe?"

"Inasimama. Hata duara husimama, mpaka siku hiyo."

Akaigusa nguzo moja kwa kile kidole kilichokatika.

"Ni mkaratusi," mzee akasema, na sasa alikuwa anazungumza na Makoye peke yake. "Mti uleule tunaoshusha chini. Karatasi zao hazina nguzo, nimeziweka mimi, kwa kuwa yule binti wa dukani alinisomea kwamba nyumba yenyewe huko kwao inazo mbili. Pale kwetu palitaka mbili. Nilimwambia mwenye duara, dari limetoa ufa, panataka magogo mawili. Akanipa moja. Akasema moja linatosha, shusha watu. Nikawaambia vijana ningojeni hapa juu, nalitafuta la pili mwenyewe. Adam akanicheka."

"Alisema nini?"

"Utani wa marehemu haurudiwi."

"Alisema nini, Selestine?"

"Alisema, 'Fundi, siku hizi una moyo wa kifaranga, unaota manyoya.' Wakashuka. Mimi nilikuwa narudi, gogo liko begani, ndipo nikasikia."

Makoye, sijui kama alitaka kucheka au kulia, uso wake ulifanya yote mawili.

"Unaota manyoya," akarudia. "Hilo ni lake. Hata mama yetu alikuwa anaambiwa, akiogopa radi. Hakuna mwingine anayelisema." Akafuta uso kwa mkono. "Kwa nini hukuja kwetu kusema? Ulijificha kama mwizi."

"Nilikuja. Nilifika mpaka stendi ya kwenu Shinyanga. Nikamwona mama mmoja kavaa nyeusi, hata simjui, nikarudi na basi lilelile."

"Hayo ni maneno," Mwigulu akasema. Mume wangu si mtu wa kulainika haraka. "Kila mtu anaweza kusema gogo lilikuwa begani. Nani alimwona?"

"Hakuna aliyeniona," mzee akajibu. "Ndiyo maana sikusema."

Akachukua lile ghorofa la juu kabisa, dogo kuliko yote, akaligeuza upande wa dirisha, akamwelekezea Makoye. Nami nikachungulia. Ndani walikaa watu watatu wa karatasi, kila mmoja na kitone cha njano kwenye paji la uso, kama tochi. Mmoja alikuwa na kofia nyekundu.

"Kofia yake," Makoye akasema.

"Nimewaweka juu," mzee akasema. "Penye upepo. Chini wamekaa vya kutosha."

Mama Ritha akapaza sauti. "Kwa hiyo ni kweli! Mnasikia? Nilisema mimi! Ni nyumba ya wafu, na imelala ndani ya nyumba yangu na kodi yangu, wala mwenyewe sikuambiwa hodi!"

Na hakukosea. Hilo ndilo lililotukwamisha sote. Tulikuja kumkamata mzee kwa jambo ambalo tulidhani atalikana, na sasa alikuwa amelikubali, na hakuna aliyejua adhabu yake. Mwigulu alikuwa ameokota kiberiti cha jikoni kwangu. Sikuona alikiokota saa ngapi.

"Haichomwi," Makoye akasema.

"Basi itafanywaje? Ikae?"

"Haikai pia. Mama mwenye nyumba ana haki. Nyumba ya namna hii hujengwa na watu wa ukoo, nyumbani kwao, haijengwi chumba cha kupanga karibu na bafu." Akamgeukia mzee. "Ulifanya kazi ambayo si yako. Adam ni wetu. Nampeleka kwa mama."

"Na wale wawili?" nikauliza. Ilinitoka tu.

"Wa Sengerema hao. Walilala naye chumba kimoja kambini. Watakaa naye."

Nilimwona Mzee Selestine anatazama mapaa yake yaliyopangwa juu ya beseni, jicho linapita moja baada ya jingine. Miezi yote ile ya gunia dirishani. Kisha akaingia ndani, tukasikia anaburuta kitu, akatoka na katoni ya mafuta ya kupikia, ameitandika pamba ndani. Kumbe alikuwa ameshaiandaa kwa safari, sijui tangu lini.

"Mapaa yaende juu, yasilale," akamwambia Makoye. "Na isikae nje. Haina nyasi hii, mvua moja tu imekwisha."

"Nitaiweka ndani, kwa mama, juu ya kabati."

"Siku ukifika, na mimi..." akaanza.

"Utangoja nikuite," Makoye akamkata. Hakusema kwa ukali, lakini hakusema kwa upole pia. "Mama ndiye atakayesema."

Akabeba katoni kwa mikono miwili, akatoka nayo getini akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Mwigulu akamsindikiza. Kabla ya kutoka mume wangu alinirudishia kiberiti, akaninong'oneza, "Bado simwamini," na mimi nikamwambia sawa.

Mama Ritha akasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, anatafuta hukumu. "Chumba utakaa," akamwambia mzee. "Lakini lile gunia, leo hii utalitoa!"

*

Dirisha sasa liko wazi. Nikikaa mbele ya karai langu namwona mpaka kwenye kitanda. Mtoto wa karatasi bado yumo kwenye kopo la sukari. Siku ile nilimuuliza mzee kama anamtaka, akasema, "Huyo hakuwa wa ile nyumba. Kaa naye." Kumchoma sithubutu. Kila nikikoroga chai namwona, na gauni lake lenye pindo la kijani. Bila ya kujua, mzee alinipimia mwanangu vizuri kuliko fundi cherehani yeyote, na mpaka leo sijui kama hilo ni la kunifurahisha.

Makoye hajaita bado. Mzee akisikia simu ya mtu yeyote uani anainua kichwa.

Jana asubuhi alivuka ua tena na kile kikombe cha bati, Nyamizi anamfuata nyuma kashika pindo la shati lake.

"Mhola, mama. Naomba unga kidogo."

Safari hii niliuliza. "Wa nini tena, baba?"

Akageuka akaonyesha chumba chake. "Dirisha si liko wazi? Utaona."

Nikamchotea. Nikamwachia na mtoto aende. Kisha nikanyanyua jiko langu, na karai, na kigoda, nikahamia upande wa pili wa mlango, ambako kivuli hakuna, lakini dirisha lake unaliona lote, mpaka mezani.